Mistari Sita

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiwafundisha watu kupima kazi za watu wengine. Serikali ina ajira za kila aina, kuanzia katibu mkuu mpaka mfagiaji wa korido, na lazima mtu akae chini aamue ipi iko juu ya ipi, na kila moja ilipwe kwa ngazi gani. Mtu huyo anaitwa mchambuzi wa kazi, na mimi ndiye ninayempika mpaka aive. Wanafunzi wangu walinibandika jina la Bwana Mizani. Nililipenda jina hilo, nikatembea nalo kifua mbele, na leo nikilisikia natamani ardhi ipasuke inimeze.

Darasa letu lilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye feni mbili, moja nzima na moja ya kuangalia tu. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, maofisa waliotolewa wizara mbalimbali, wengine kwa sababu wana akili na wengine kwa sababu bosi wao alitaka wamwondokee kidogo. Nyuma ya chumba yalipangwa magunia ya fomu. Kila mfanyakazi wa serikali alikuwa amejaza fomu moja ya kurasa nne, akieleza anachofanya tangu anapoingia kazini mpaka anapotoka. Makarani walizichapa upya zote, wakaondoa jina na kituo, wakabakiza cheo na namba. Hilo lilikuwa wazo langu. Tunapima kiti, niliwaambia siku ya kwanza, hatumpimi anayekikalia.

Safari hii kulikuwa na jambo jipya, na kila mtu alilijua maana lilitangazwa redioni wiki nzima. Kazi itakayopata chini ya alama mia mbili haitakuwa tena ya serikali. Itapewa mzabuni, alete watu wake, na waliokuwepo waende nyumbani na barua ya shukrani.

Dada yangu alikuwa akifanya kazi hospitali kuu, kwenye chumba cha kutakasia vyombo vya upasuaji. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu kwa pensheni kamili, na hiyo pensheni ndiyo waliyokuwa wakiitegemea yeye na shemeji, ambaye mgongo wake ulishakataa kazi zamani. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka saba, dada kumi na tisa. Aliacha chuo cha ualimu, akaingia hospitali, akanilea na kunisomesha mpaka nikaanza kuvaa tai. Kila Jumapili mchana nilikuwa nakula kwake. Jumapili moja, kabla fomu hazijakusanywa, alinionyesha yake ikiwa tupu.

“Mdogo wangu, wewe ndiye fundi wa mambo haya. Nijaze nini hapa?”

Sikuruhusiwa kumjazia. Mtu wa ofisi yetu akikamatwa anamjazia ndugu fomu, kazi hana. Lakini ushauri wa jumla niliona hauna ubaya, nikampa ule ninaompa kila mtu.

“Andika kwa ufupi, dada. Usijisifu. Fomu zinazojisifu sisi tunazinusa toka mlangoni.”

Shemeji, ambaye hapitishi siku bila utani, akasema ingekuwa yeye angeandika kwamba bila yeye rais hapati usingizi. Tukacheka sana. Dada akaikunja fomu, akaitia kwenye mkoba, akaniongezea mchuzi.

Sasa nieleze kitu kimoja, maana balaa lote liko hapo. Kazi ya aina moja inaweza kuwa na watu arobaini, hamsini, na hakuna mwenye muda wa kupima fomu hamsini zinazofanana. Kwa hiyo tunachukua fomu moja, tunaipima darasani mimi na wanafunzi, natia saini, nayo inakuwa kielelezo. Zilizobaki zote zinafuata alama zake bila kufunguliwa. Utaratibu huo unaokoa miezi, na unasimama au unaanguka na fomu iliyochaguliwa.

Alhamisi ya wiki ya pili tulikuwa tumebakiza kada tano, na watu walishaanza kupiga miayo na kuchungulia saa. Kwenye gunia la afya nikakuta bahasha ya wahudumu wa vyombo, fomu arobaini na tatu. Nikapekua juu juu. Nyingi zilikuwa na maneno kurasa nzima nzima. Moja ilikuwa na mistari sita. Nikaichomoa hiyo kwa sababu ilikuwa fupi. Nimejaribu usiku na mchana kutafuta sababu nyingine ya heshima zaidi, sijaipata.

Nikaisoma kwa sauti.

“Napokea vyombo vilivyotumika. Naviosha. Navihesabu. Navipanga kwenye trei. Naviweka kwenye mashine ya mvuke. Navikabidhi chumba cha upasuaji.” Nikaiinua juu waione. “Huyu ni mtu mwaminifu. Hakutia chumvi hata punje. Haya, tumpime.”

Elimu tukamaliza kwa dakika moja. Uamuzi nikampa ngazi ya kwanza, maana hakuna mahali anapoamua chochote. Usimamizi, sifuri. Tulipofika kwenye kigezo cha madhara ya kosa, mwanamke mmoja kutoka wizara ya maji akanyoosha mkono. Yeye nilikuwa nimempa jina la Mama Lakini, kwa sababu hakuwahi kufungua kinywa darasani bila kuanza na neno hilo, na darasa zima lilikuwa limelishika jina.

“Lakini mwalimu, vyombo hivi si ndivyo vinavyoingia tumboni mwa mtu? Huyu akikosea si mgonjwa anakufa?”

“Imeandikwa wapi?”

“Haijaandikwa, lakini...”

“Imeandikwa wapi, mama?”

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikapata moto, maana mwalimu akishachekewa hanyamazi. Nikawaambia hiyo ndiyo nguzo ya kazi yetu: kisichoandikwa hakipo. Ukianza kumjazia mtu kwa huruma yako, kesho utamjazia na shangazi yako. Huyu ameandika kwamba anaosha. Anayeosha akikosea, anaosha tena.

Mama Lakini hakukaa.

“Lakini ameandika anavihesabu. Kwa nini avihesabu? Mimi naosha vyombo kila siku nyumbani kwangu, sijawahi kuhesabu vijiko.”

“Labda kwake kuna wezi,” nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Yule mama akakaa polepole, akainamia karatasi yake, na akaandika ngazi ya kwanza kama wenzake. Jumla ikaja alama mia moja arobaini na mbili. Nikatia saini, nikabana karatasi ya alama kwenye fomu, tukaenda kunywa chai. Nilijiona nimefundisha somo zuri kuliko yote ya wiki ile.

Wiki tano baadaye barua zilitoka. Jumapili nilipofika kwa dada nilikuta meza imeandaliwa kama kawaida, na pembeni ya sahani yangu bahasha ya rangi ya kaki. Shemeji siku hiyo hakuwa na utani. Alikuwa ameukunja mguu mmoja juu ya kochi na kuangalia ukutani.

“Soma,” dada akasema. “Mimi nimesoma, labda sikuelewa.”

Mhudumu wa vyombo. Alama mia moja arobaini na mbili. Kada hii itatolewa kwa mzabuni. Mwisho wa ajira, siku sitini. Nikaisogeza sahani pembeni.

“Dada,” nikasema, “kwenye fomu uliandika nini?”

“Kwani nakumbuka? Si ulisema kwa ufupi.” Akahesabu kwa vidole, kama mtoto anayesomea mtihani. “Napokea vyombo vilivyotumika. Naviosha. Navihesabu...”

Alifika mpaka mwisho. Mistari yote sita, neno kwa neno, na kila mstari ulinipiga mahali pake. Nilitakiwa kusema pale pale. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni “nitafuatilia”, neno tunalowaambia watu kwenye dirisha la ofisi tukitaka waondoke.

“Aliyepima hii,” dada akauliza bila hasira, “amewahi hata kulazwa?”

Nikasema sijui.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkurugenzi wetu kabla hajafika. Ni mtu mnene, mpole, asiyependa mambo yafike mezani kwake yakiwa bado na damu. Nikamweleza yote, ushauri wa Jumapili, fomu, kicheko na saini. Nikamwambia nimempima dada yangu bila kujua, hiyo peke yake inatosha kufuta kielelezo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kalamu.

“Ungempendelea ndugu yako ningekufukuza leo hii,” akasema. “Kanuni ipo. Lakini wewe umemwonea. Kanuni ya aliyemwonea ndugu yake mimi sijawahi kuiona. Wewe umewahi?”

“Hapana, mkuu.”

“Na ukifuta hiki, kesho kila kada itataka chake kifutwe. Baraza limeshapitisha. Mwambie akate rufaa kama wenzake. Na wewe kaa mbali na faili hilo, ndugu yangu, nakuomba.”

Nikamwandikia dada rufaa. Safari hii sikujali kukamatwa. Tuliiandika kwenye meza ya jikoni kwake, nami bado nikiwa nimemficha kwamba aliyepima ni mimi. Niliandika yale machache niliyojua: kwamba vyombo vichafu vinaua, kwamba mashine ile si sufuria. Yeye akatia saini chini, taratibu, akiivuta ile herufi ya mwisho kama mkia.

Rufaa ya dada ilikwenda kwenye meza iliyoanzishwa mwezi ule ule, na aliyewekwa pale alikuwa Mama Lakini. Ndiye aliyemaliza mafunzo akiwa wa kwanza. Mimi ndiye niliyempendekeza, kwa barua nzuri kabisa, nikisema ana nidhamu ya kufuata mwongozo. Nilipojua, moyo ukapata nguvu. Nikajisemea, huyu ndiye aliyeliona jambo tangu mwanzo, huyu hataniangusha.

Nikamfuata ofisini kwake. Kilikuwa chumba kidogo bila dirisha, mafaili sakafuni mpaka magotini, na juu ya meza ule mwongozo wangu wenye jalada la bluu, umechakaa kwa kufunguliwa. Alisimama niliponiona. Hakuwa amesahau adabu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Nimekuja kwa ile rufaa ya mhudumu wa vyombo, ya hospitali kuu.”

“Nimeikataa juzi,” akasema. “Jibu liko njiani.”

Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamwuliza kwa nini. Akafungua mwongozo, akasoma kwa sauti ya chini sana: rufaa itazingatia makosa ya hesabu, au jambo lililokuwemo kwenye fomu ya awali na halikupewa alama. Maelezo mapya hayatapokelewa.

“Hii ya vyombo vichafu vinaua,” akasema, “kwenye fomu ya mwanzo imeandikwa wapi, mwalimu?”

Hakuwa ananikomoa. Afadhali angekuwa ananikomoa. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli nimwonyeshe, akaisogeza ile fomu kwangu, mistari sita.

“Kuna fomu arobaini na mbili nyingine kwenye bahasha,” nikasema. “Fungua hata moja.”

“Kielelezo kikishatiwa saini, zilizobaki hazifunguliwi. Ukurasa wa kumi na tisa.” Akafunga mwongozo. “Lakini nilizifungua. Nilizisoma zote, siku ambayo watu walikuwa mapumziko. Kuna mmoja ameandika ukurasa mzima juu ya kuhesabu tu. Sasa najua kwa nini wanahesabu.”

“Basi andika hivyo!”

“Niandike nilizipata wapi? Nikisema nimezisoma, naondoka mimi, na zinabaki vile vile.” Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. “Mwalimu, siku ile nilikuwa na hakika. Ulipowachekesha watu nikasema labda mimi ndiye sielewi kazi. Nikajifunza. Nimejifunza vizuri, si ndivyo ulivyoandika kwenye barua yako?”

Nilimwambia ni dada yangu, mkubwa wangu, aliyenilea. Akafunika uso kwa viganja, na mimi nikatoka nikashuka ngazi.

Siku sitini ni chache. Wiki ya mwisho dada alinipigia simu. Mzabuni alikuwa analeta watu watatu Jumatatu, wageni kabisa wa kazi, na hospitali imemtaka awaandikie maelekezo. Yeye mikono yake imeharibiwa na dawa na maji ya moto, kalamu haishikiki zaidi ya dakika kumi. Je, mdogo wake anaweza kuja kumwandikia? Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Ijumaa asubuhi.

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuingia mle chumbani. Naona aibu hata kusema. Kuta nyeupe zilizovimba rangi kwa unyevu, masinki matatu ya chuma, meza ndefu, na mashine ya mvuke yenye mlango wa duara unaofungwa kwa gurudumu. Joto lilinikamata shingoni. Dada alikuwa amevaa aproni na viatu vya mpira, na mle ndani alionekana mrefu kuliko nyumbani. Akanivutia stuli kwenye kona ya meza.

“Andika,” akasema.

Nikaandika. Vyombo vya mgonjwa wa maambukizi vinapokewa kwenye ndoo ya pekee na havikutani na vingine hata kwa bahati mbaya. Mkasi usiokata pamba iliyolowa unarudishwa kwa fundi, hata daktari akiulilia. Mashine ikianza kupiga mluzi mwembamba, mpira wa mlango umechoka. Usingoje taa iwake, zima. Pakiti ikitoka na unyevu, hata tone, ni chafu, anza upya, na kama hakuna nyingine basi upasuaji usubiri.

“Nani anawaambia wasubiri?” nikauliza.

“Mimi. Nani mwingine?” Akaendelea. “Halafu kuhesabu. Andika hii vizuri. Koleo zikienda kumi na mbili zikarudi kumi na moja, usianze kuosha. Piga simu ya ndani, sema wasifunge jeraha. Usiseme samahani, usiseme nadhani. Daktari atafoka, mwache afoke. Hawafungi mpaka ya kumi na mbili ionekane.”

“Imewahi kutokea?”

“Mara nne. Tatu zilikuwa kwenye mashuka.” Akageuka kuangalia kipimo cha mashine. “Moja ilikuwa ndani ya mtu.”

Mkono wangu uliandika, na kichwa changu, Mungu wangu, kichwa kilikuwa kinapima. Sikukiambia kipime. Uamuzi, ngazi ya tano. Mawasiliano, ya nne. Madhara ya kosa, ya juu kabisa, hakuna ya kuizidi. Mazingira, ya nne. Tulipofika ukurasa wa kumi na moja jumla ilikuwa mia tatu ishirini na saba, zaidi ya mwalimu mkuu wa shule. Nilikuwa nimeshika mkononi fomu bora kuliko zote nilizowahi kuona, na hakukuwa na dirisha hata moja duniani la kuipeleka. Machozi yakaanza kunitoka na nikayaacha, nikijua atadhani ni mvuke.

“Dada, kuna jambo sijakuambia.”

“Najua.”

Alisema huku akikaza gurudumu la mlango, amenipa mgongo.

“Jibu la rufaa lilikuja na karatasi ya alama. Chini kuna saini. Nilishtuka, nikadhani ni yangu, nikasema lini nimejitia saini mwenyewe?” Akacheka kidogo, cheko lililokatika katikati. “Halafu nikakumbuka. Si ndiyo ile uliyokuwa unaighushi kwenye ripoti zako za shule, ukifeli hesabu? Ulijifunzia yangu. Mpaka leo mkia unauvuta vile vile.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema ungeacha kuja kula.”

Sikuweza kumwangalia. Nilitamani anitukane, anipige hata kibao kimoja kama alivyonipiga nilipovunja redio ya mama. Alikuja akasimama nyuma yangu, joto la aproni yake likanigusa bega, akainama kusoma nilichoandika. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kwenye sehemu ya mwisho kidole kikasimama. Pale alikuwa amenisomea mambo saba ya kukagua kabla ya kukabidhi trei, na mimi, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, nilikuwa nimeandika: vyombo vinakabidhiwa.

“Hapa umefupisha,” akasema.

“Samahani, dada.”

“Usifupishe. Hao wanaokuja hawajui kitu, na huko ndani atalala mtu. Andika yote.”

Nikafuta ule mstari. Akaanza tena, la kwanza.